Dumu la Mawese na Miguu ya Nyandwi

Wadogo zangu mnaobaki kwenye chumba cha plasta, mmenicheka vya kutosha kwa neno "kustaafu", sasa nisomeni. Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi, miwani na redio ya mkononi, na mimi hata kitambi bado sijaota. Lakini mtu akiacha kazi anayoipenda kwa sababu mwili umegoma, mimi naita kustaafu. Ngozi ya mikono yangu imeikataa plasta. Nikiishika tu inapasuka kama shamba la kiangazi. Daktari Tumaini aliponiambia nichague kati ya mikono na kazi, nilimjibu kwamba kazi yenyewe ndiyo mikono. Akacheka, halafu akaacha kucheka, nikajua yameisha.

Habari za vyeo nitaziruka, na ni rahisi kuziruka kwa kuwa sikuwa nacho hata kimoja. Nitawaandikia ya siku ya kwanza, vifaa, mzee aliyenifundisha, na mtoto mmoja wa Muyama ambaye bado namwota.

Mimi ni mtu wa Kibondo, shule niliishia kidato cha pili. Kasulu nilikuja nimebeba mifuko ya jipsamu. Kulikuwa na fundi wa dari aliyepata kazi ya kuweka dari jipya kwenye ofisi za hospitali yetu, na mimi ndiye niliyemkorogea unga kwenye beseni na kumpandishia juu ya jukwaa kabla haujaganda. Jipsamu haina subira. Ukisimama kumsalimia mtu, umeshapata jiwe.

Siku hiyo niliinua macho dirishani. Ng'ambo ya ukumbi, kwenye chumba kidogo chenye mlango wazi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua alikuwa anazamisha bandeji kwenye ndoo ya maji. Akasubiri mapovu yaishe, akaikamua taratibu, akaanza kumzungushia kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Ile bandeji ilikuwa inatoa uji mweupe. Weupe ule naujua, harufu ile naijua. Nikasimama pale kama niliyegandishwa mimi.

Kilichoganda ni beseni. Mwiko wa fundi ulibaki umesimama katikati, hautoki. Fundi alinisema mpaka wagonjwa wakatoka wodini kusikiliza, na huyo mzee naye akatoka, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. Akaligonga beseni kwa kidole.

"Bwana mdogo, unajua hili jiwe lako ndilo hili langu?"

Nikadhani ananidhihaki. Akanishika mkono akanipeleka kwa yule kijana wa bodaboda, akaniambia niguse. Hogo, yaani ile plasta iliyofungwa mguuni, lilikuwa la moto. Sio moto wa kuunguza, ni joto la mkate uliotoka sasa hivi, na lilikuwa linazidi kuwa gumu chini ya kiganja changu. Yule kijana aliyekuwa analia akawa ananitazama mimi ninavyoshangaa, akasahau kulia.

Mzee alinieleza kwamba unga ule hutokana na jiwe lililochomwa na kusagwa, na kwamba watu waliupaka ukutani na kuuchongea sanamu miaka mingi mno kabla ya yeyote kufikiria mifupa. "Mtu wa kwanza kuuvalisha mfupa ukuta," akasema, "alikuwa na kichaa kizuri sana."

Fundi wa dari alimaliza kazi akaondoka, mimi nikabaki. Nilianza kwa kupiga deki, nikaendelea kwa kuchota maji, baadaye nikaruhusiwa kukamua bandeji. Mzee Hamisi, hilo ndilo jina lake, mtu wa Ujiji aliyehamia Kasulu kikazi tangu ujanani, aliniita Fundi Dari mpaka siku aliyostaafu yeye. Mgonjwa akiletwa na kuuliza kama mimi ni daktari, mzee alijibu kabla yangu: "Huyu ni fundi dari, ila leo hatupandishi mtu."

Sasa sikilizeni vizuri, maana haya mtayahitaji. Maji yawe ya uvuguvugu. Yakiwa ya moto plasta itakimbia kuganda na itamuunguza mtu ndani ambako humuoni. Ukiishika ikiwa mbichi tumia viganja, usitumie vidole, kwa sababu shimo la kidole chako leo ndilo kidonda cha mgonjwa wiki ijayo. Vidole vya miguu viachwe nje, na uvitazame. Vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, usibishane navyo, fungua. Na kabla ya kufunga, laza kipande cha mpira wa dripu juu ya pamba, siku ya kukata msumeno utapita hapo na mtoto hatakwaruzwa. Hilo la mpira wa dripu alinifundisha Mzee Hamisi, naye alifundishwa na mtu mwingine, sijui nani, Mungu amtunze popote alipo.

Mzee alikuwa na desturi moja. Kitu chochote kikiingia chumbani, hakikubaliwi mpaka kimeulizwa. Anakishika juu, anakitazama, kisha ananiuliza mimi: "Hiki kilizaliwa kuwa nini?" Lazima nijibu. Akiridhika anauliza tena: "Na hapa kwetu ni nini?" Ndipo kinapewa pahala pake.

Mwanzoni niliona ni mchezo wa mzee aliyechoka kukaa kimya. Baadaye ukaniingia damuni. Glavu ilizaliwa kulinda mikono ya mganga, kwetu ikijazwa maji na kufungwa inakaa chini ya kisigino cha mgonjwa wa kitandani ili asipate kidonda, na ikijazwa pumzi inakuwa jogoo la kumnyamazisha mtoto. Vijiti vya kubania ulimi vilikuwa banzi la kidole kilichovunjika. Picha ya eksirei iliyokwisha kazi ilikuwa pazia la dirisha, na jua la jioni likipiga, mbavu za mtu tusiyemjua zilitandazwa ukutani kwetu. Na dumu la njano la mawese, lile la lita ishirini ambalo kila nyumba ya huku inalo, tulilijaza mchanga tukalining'iniza kwa kamba na kapi mwisho wa kitanda, likawa linavuta paja lililovunjika mpaka mfupa urudi mahali pake. Madumu hayo yalitoka sokoni. Uyaoshe mara ngapi, bado yananukia mawese. Wagonjwa wa mapaja walikuwa wanalalamika kwamba wanasikia njaa usiku kucha.

Nikilala kwangu nilikuwa nawaza, kumbe dunia yote iko hivi. Kila kitu kinangoja mtu wa kukiuliza swali la pili. Nilitembea sokoni Kasulu kama mtu aliyevishwa macho mapya. Naona spoku ya baiskeli, moyo unadunda. Wenzangu walidhani nina mchumba.

Basi, Yusta.

Alikuja kutoka Muyama siku ya kliniki ya watoto, kabebwa na bodaboda hadi stendi, kisha kwa miguu. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye amezaliwa huku na ni Mtanzania kama mimi, lakini akikasirika Kiswahili kilimkimbia na Kirundi kikachukua nafasi. Mgongoni alikuwa na mtoto wa saba, Nyandwi, bado mchanga. Alipomshusha na kumfungua nguo, tukaona miguu kifundo. Nyayo zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana kama majirani wanaosengenya. Alikuwa ameambiwa kijijini kwamba huyo hatatembea, atatambaa, na kwamba asipoteze nauli.

Mzee Hamisi alimwambia kwamba atatembea, mguu wa mtoto mchanga ni kama udongo mbichi. Tukaanza. Wale ambao hamjaanza kufunga miguu kifundo, mjue hakuna nguvu hapo. Unaushika unyayo kwa vidole viwili, unausukuma kidogo tu kule unakotaka uende, unausubiri ukubali, halafu unaufunga hapo hapo. Wiki inayofuata unalowesha hogo, unalifungua, unasogeza kidogo tena. Kila wiki mguu unakuwa umesahau kidogo ulivyokuwa. Nimeona hilo kwa watoto wengi na sijalizoea. Mfupa ni kitu kigumu kabisa, lakini kwa mtoto mchanga unasikia maneno.

Miguu ya Nyandwi ilinyooka. Daktari Tumaini, dada wa Mbeya aliyekuwa ndiyo kwanza amepangiwa kwetu, alimkata kidogo kano ya kisigino kama inavyotakiwa, ikapona. Baada ya hapo vikaja viatu. Mnavijua: viatu viwili vidogo vilivyounganishwa na kipande cha chuma katikati, vinaweka miguu wazi, vinaizuia kurudi ndani. Sisi tuliviita viatu vya daraja. Miezi mitatu ya mwanzo avivae mchana na usiku, avuliwe akioga tu. Baadaye ni usiku na anapolala mchana, mpaka afike miaka minne. Tulimwambia Yusta hivyo. Akaitikia. Wote walikuwa wanaitikia.

Aliporudi, miguu ilikuwa imeanza kutazamana tena.

Mzee Hamisi hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo alimsema. Alimwambia kwamba mtoto hana mdomo, mdomo wake ni mama, na kama mama ni mvivu nani atamsemea. Yusta aliinamisha uso. Tukafunga plasta upya, wiki kwa wiki, ikanyooka, tukampa viatu, tukamweleza kwa Kiswahili, nami nikarudia kwa Kiha, ndugu wa Kirundi chake, ili asiseme hakuelewa. Akaitikia. Miezi ikapita, akarudi, miguu imerudi ndani.

Safari hii Daktari Tumaini ndiye aliyesema naye, kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko ukali wa mzee. Alisema watajaribu plasta mara moja tena, lakini mtoto anakua na udongo unakauka. Miguu ikirudi mara ya tatu, iliyobaki ni upasuaji mkubwa, na huo haufanyiki hapa, ni Mwanza. Yusta ana watoto saba na shamba la maharage na mume aliyeko kwenye vibarua mbali. Hakuna mtu pale chumbani ambaye hakujua kwamba Mwanza maana yake ni kutambaa.

Tukafunga mara ya tatu. Ikanyooka mara ya tatu, sijui mguu ule ulipata wapi uvumilivu. Siku ya kuvalishwa viatu Nyandwi alikuwa mkubwa kiasi cha kukaa mwenyewe, anacheka na kila mtu, anagonga chuma chake sakafuni ta-ta-ta kama fundi. Yusta alimnyanyua mbele, kifuani, akashika kikapu kwa mkono mwingine, akaaga.

Nilikuwa nimetoka kumwaga maji ya plasta nyuma ya jengo. Mwaga mbali na mtaro, nisisahau kuwaambia, yakiganda humo mtafukua ninyi. Kutoka pale unaiona barabara inavyoshuka baada ya geti. Nikamwona Yusta amefika kwenye kona, ameweka kikapu chini. Akamkalisha Nyandwi kwenye nyasi. Akamvua viatu. Akainama, akamtupia mgongoni, akafunga kanga, akatia viatu kwenye kikapu, akajitwisha, akaanza kutembea vizuri kabisa, mikono inacheza.

Niliacha ndoo nikakimbia. Nilimkuta akiwa ameshavuka daraja la mto. Nilikuwa nahema, na nakiri nilikuwa nimeandaa maneno makali, lakini nilipomwona Nyandwi ananitazama juu ya bega la mama yake, yote yakapotea. Nikauliza tu kwa nini.

Yusta aliweka kikapu chini. Hakuona aibu. Alinitazama kama mtu aliyechoka kungoja swali hilo.

"Kaka, nimbebe wapi?"

Sikuelewa. Akanigeuzia mgongo ili nione. Miguu ya Nyandwi ilikuwa imemzunguka kiunoni, mmoja kushoto, mwingine kulia.

"Kile chuma kipite wapi? Katikati ya tumbo langu?"

Tulirudi pamoja hospitalini.

Mzee Hamisi aliposikia, hakuamini kwa masikio, alitaka kwa macho. Akamvalisha Nyandwi viatu vya daraja, akaomba kanga ya Yusta, akaniambia, "Fundi Dari, inama." Nikainama. Akaniwekea mtoto mgongoni. Mguu mmoja ulikuja kiunoni kwangu, mwingine hauji, chuma kimekwama kwenye uti wa mgongo, Nyandwi akaanza kulia. Akamgeuza hivi, ikashindikana. Akamgeuza vile, nusura aanguke. Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakawa wanakufa kwa kicheko kuona mwanamume anabebeshwa mtoto kwa kanga na mzee mwenye kofia. Mmoja akauliza kama na kunyonyesha nitafundishwa leo.

Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mtoto mwenye viatu vya daraja, na viatu hivyo, karibu vyote, vilikuwa vikapuni.

Mzee Hamisi alikaa kwenye kigoda chake. Miaka yote ile tulikuwa tunawapa viatu visivyobebeka watu wanaobeba. Hapa kwetu mtoto hakai kwenye kigari. Hakai chumbani na dada wa kazi. Anakwenda shamba mgongoni, kisimani mgongoni, kanisani mgongoni. Mzee alizaliwa na mama aliyembeba, mimi nilizaliwa na mama aliyenibeba, Daktari Tumaini vilevile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukumbuka mgongo. Mzee alimwambia Yusta, mbele ya wote, "Mwanangu, nilikuita mvivu. Lile neno nimelirudisha."

Yusta alikuwa anatazama kona ya chumba. Pale kulikuwa na madumu ya mchanga, na moja tupu, la njano, tulilokuwa tumelileta siku ile na bado halijaulizwa.

"Hili ni la nani?" akauliza.

Nikamwambia ni la kuvutia mapaja. Akalichukua, akaligeuza, akalipima kwa mikono miwili, halafu akampima Nyandwi kiunoni kwa mikono ile ile. Alisema kwamba nyumbani anakata dumu kama hilo, anatia mbegu za maharage, analifunga mgongoni akipanda, mkono unakwenda nyuma kuchota. Kama linabeba mbegu, akasema, na mtoto atakaa.

Mzee Hamisi aliinuka kama aliyechomwa sindano. Akampa msumeno wa plasta.

Nataka mwone hiki kitu kama nilivyokiona. Msumeno uliozaliwa kwa ajili ya hogo, unakata dumu lililozaliwa kwa ajili ya mafuta, mikononi mwa mama aliyeambiwa asipoteze nauli. Alikata upande mmoja mpana, akaacha kiasi cha kuzuia tumbo. Kingo zilikuwa kali. Nikapasua mpira wa ndani wa baiskeli kwa urefu na kuuvika ukingoni pande zote. Mzee akatandika pamba ya plasta chini na nyuma. Daktari Tumaini, aliyekuwa ameitwa na kelele, alipiga magoti sakafuni na koti lake jeupe, akasema ukingo wa mbele ushuke kidogo ili magoti ya mtoto yasining'inie, na tutoboe matundu kwa ajili ya hewa, halafu akayatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. Chumba kizima kilinukia mawese ya kuungua.

Tukamkalisha Nyandwi ndani. Miguu ikatoka mbele, chuma na viatu vyake, huru. Yusta akachuchumaa, tukaliweka dumu mgongoni kwake, mgongo wa mtoto ukielekea mgongo wa mama, akafunga kanga moja juu kifuani na nyingine chini kiunoni. Akasimama. Akaruka kidogo kupima. Akainama kama anayepalilia. Halikutoka.

Mzee Hamisi akasogea mbele ya dumu, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini, "Hili lilizaliwa kuwa nini?"

"Mawese," nikajibu.

"Na hapa kwetu?"

Nikajifanya nakaza fundo la kanga, nikafuta uso. Mnanijua kwa machozi, msianze.

Walipoondoka tulisimama nje wote kuwatazama. Mtoto anayebebwa kawaida haoni kitu ila shingo ya mama. Huyu alikuwa anaangalia kule anakotoka. Alituona sisi. Kadiri mama yake alivyoteremka, Nyandwi alibaki anatutazama, anapiga chuma chake hewani, anacheka, mpaka kona ikamchukua. Yusta hakusimama kwenye kona.

Baadaye alitusimulia alivyochekwa Muyama. Waliuliza anauza lita bei gani. Watoto wakamfuata wakiimba. Mchungaji alisita kidogo kabla ya kumpitisha mlangoni kanisani, akidhani ni sadaka ya mawese. Yeye akawa anawajibu kwamba haya mafuta hayauzwi. Alikwenda nalo shamba, kisimani, sokoni, na viatu havikuvuliwa ila kwa kuoga. Aliporudi kliniki, mzee alimvua Nyandwi viatu mwenyewe. Akaishika miguu, akaigeuza huku na huku. Akaniambia nije nishike mimi, macho yake yana ukungu. Nikashika. Ilikuwa imenyooka, laini, ya moto, miguu ya mtoto tu kama ya mtoto mwingine.

Wengine walianza kuuliza. Tukawa tunakata madumu siku za kliniki, mama mwenyewe ndiye anayekata, sisi tunavika mpira. Siku moja alifika mama kutoka Nyabibuye, kule mpakani, hatujawahi kumwona, na dumu lake ameshalikata na kulishonea kitambaa cha maua. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema ni mwanamke alikutana naye kwenye basi. Dumu lake lilikuwa zuri kuliko yetu, alikuwa ameweka na kamba ya kumfunga mtoto kifuani. Tukaiga.

Mzee Hamisi alistaafu, ule ustaafu wa mvi kweli, akarudi Ujiji. Mimi nikabaki na kigoda chake na swali lake, na ninyi mkaja mmoja mmoja, nikawauliza mpaka mkanichoka. Halafu mikono ikaanza.

Siku yangu ya mwisho mliiona, lakini mlikuwa mnakata keki huko ndani, kwa hiyo kipande hiki hamkukiona. Yusta alikuja. Nyandwi alikuwa amefika ile miaka minne, na kliniki hiyo ndiyo ilikuwa yake ya mwisho pia. Daktari Tumaini alimwambia avivue viatu vya daraja, asivivae tena. Yusta alivifuta kwa kanga, akaniachia ili avae mwingine. Nikamuuliza habari za dumu. Akasema watoto wawili wa jirani wamelitumia, sasa kuku ameingia humo na anaatamia, na hataki kutoka.

"Sasa hilo ni nini, kaka?" akaniuliza, maana naye swali la mzee alikuwa amelikariri. Tukacheka sana.

Nilimwambia naondoka, narudi Kibondo, na kwamba nina ndoto fulani kuhusu madumu na spoku, asicheke. Hakucheka. Alishika mikono yangu, akaigeuza kuona ilivyopasuka, akaipuliza kama mtu anavyompuliza mtoto aliyeanguka. Kisha akaita, Nyandwi, twende.

Nikasimama pale pale ninapomwagia maji. Yusta alitangulia na kikapu kichwani. Nyandwi alipiga hatua chache akimfuata, kisha akageuka akanitazama, na akaendelea kwenda, kinyumenyume. Hakuna aliyemfundisha. Ndivyo alivyozoea kuondoka hapa tangu mdogo, akiwaona anaowaacha. Miguu miwili, nyayo zimekanyaga chini kote, vidole kwanza kisha kisigino kwa kuwa anarudi nyuma, vumbi linapanda, mkono juu ananipungia.

Mama yake, bila kugeuka, akamwambia, "Nyandwi, tazama mbele, utaanguka."

Alifika kwenye kona hajaanguka.